Bahari imeenda wapi? Neno juu ya orodha za "mahali bora pa kulala Zanzibar"

Leo sitasema juu ya mihogo wala juu ya karanga. Ninataka kukosoa aina moja ya maandishi ambayo wengi wetu tunayasoma usiku kwenye telefone, mega zikiwa bado zimebaki: zile orodha zinazotuambia mahali bora pa kulala Zanzibar, pwani hii, hoteli ile, nyota ngapi, dola ngapi.

Najua mmoja atasema: mtu wa Maniema na hoteli za Zanzibar, wapi na wapi? Subirini kidogo.

Ndugu yangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, anafanya biashara. Ananunua nguo na sahani Kariakoo, Dar es Salaam, anakuja kuziuza Salamabila kwenye wachimba zahabu. Alipooa, bibi yake ni binti wa Kabambare, alisema safari hii hataenda Dar peke yake. Watavuka mpaka Zanzibar, wapumzike usiku nne. Halafu akanitumia orodha tatu. "Weye njo ulisoma, utuchagulie."

Nilisoma zote tatu kwa makini, sawa vile mtu anasoma memwaru ya mwenzake. Nikachagua nyumba moja ya wageni upande wa mashariki ya kisiwa. Dola 60 kwa usiku. Picha ilionyesha mchanga mweupe, mnazi umeinama, na maji ya buluu karibu na mlango. Dola 240 kwa siku nne, kwetu hapa ni minerval ya mtoto wa sekondari, tena na mabaki. Hapana mchezo.

Siku ya kwanza, saa sita ya mchana kwao, telefone ikalia. Ni shemeki. Hakusalimia hata.

"Shemeki, bahari imeenda wapi?"

Nikadhani anacheka. Hakuwa anacheka. Asubuhi maji yalikuwa hapo, sasa ni matope, mawe na majani, na maji yanaonekana mbali kabisa, mstari mweupe tu. "Kwetu Luama inapungua kiangazi, lakini haihami. Weye njo ulituchagulia hapa."

Nilinyamaza. Sikuwa na jibu. Mimi mwenye lisansi ya kilimo, niliyefundishwa miaka mitano kuuliza maji yanatoka wapi na yanaenda wapi, sikuuliza. Njo maana leo ninaandika.

Tuanze na maandishi yenyewe. Orodha hizi zina mtindo wao, na ukisoma tatu umesoma zote. Kwanza neno "paradiso". Halafu picha. Halafu umbali toka kitanda mpaka mchanga, kwa mita. Halafu bei na sifa za chakula cha asubuhi. Katika zile tatu, mbili hazikusema hata neno moja juu ya maji kupwa na kujaa. Ya tatu ilisema, lakini chini kabisa, kwenye orodha ya mabaya, karibu na mbu.

Kumbe kule mashariki, Paje, Jambiani, Bwejuu, hilo ndilo jambo la kwanza. Kuna mwamba wa matumbawe mbali na ufuko, na katikati ni maji mafupi. Bahari inajaa mara mbili kwa siku na kupwa mara mbili. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, wakati wanaouita bamvua, tofauti ya maji inaweza kufika karibu mita 4. Penye ufuko wa kulala kama sahani, maji yakipwa yanakwenda mbali sana. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, ufuko unashuka haraka, na mtu anaweza kuogelea karibu saa yoyote. Hiyo si siri ya wataalamu. Mtoto wa Jambiani wa miaka saba anaijua. Ila picha inapigwa wakati maji yamejaa, na picha haina saa.

Hapo ndipo ukosoaji wangu unaanza. Orodha inauza mahali kama kitu kilichosimama. Agronomo anajua hakuna mahali palipo simama. Mtu akikuletea picha ya shamba, majani mabichi, akasema "nunua", utanunua? Utauliza: picha ni ya mwezi gani? Maji yanapita wapi mvua ikinyesha? Udongo una kina gani? Nani alikuwa analima hapa mbele? Maswali manne tu, na ni hayo hayo ninayotaka kuyaweka mbele ya orodha hizi.

Mwezi gani? Pwani ile inatawaliwa na pepo mbili. Kaskazi inavuma toka karibu Desemba mpaka Machi, kusi inashika katikati ya mwaka. Masika, Machi mpaka Mei, ni mvua kubwa, na bei zinashuka, na nyumba zingine zinafunga. Ufuko ulio mtulivu katika pepo moja unaweza kuwa na mawimbi katika nyingine. Mwezi wa Ramadhani, migahawa mingi haifungui mchana. Orodha inasema "mwaka mzima ni jua". Jua, ndiyo. Lakini mtu halali ndani ya jua.

Maji gani? Hapa ndipo nilipata aibu zaidi, kwa sababu ni fani yangu. Mashariki na kaskazini ya Unguja ardhi ni mawe ya matumbawe ya zamani, udongo kidogo juu yake. Udongo mzito wa karafuu na minazi uko magharibi na katikati. Kwenye mawe yale mvua inapita chini haraka, maji matamu yanakaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Ukivuta kwa nguvu, chumvi inapanda kisimani. Sasa mwaka 2012 shirika la Tourism Concern lilitoa ripoti juu ya maji na utalii, Zanzibar ikiwa mfano mmoja. Nyumba ya kijiji, familia nzima, ilitumia kama lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ndogo ya wageni, lita 686. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano, mpaka lita 3,195. Soma tena: familia nzima upande huu, chumba kimoja upande ule. Orodha inaandika "bwawa la kuogelea" katika mazuri. Haiandiki kisima cha nani kimekuwa chumvi.

Nani alikuwa anatumia hapa mbele? Yale "majani" ya shemeki yalikuwa mwani. Kilimo, ndugu zangu! Mbegu yake ililetwa toka Ufilipino, na tangu mwisho wa miaka ya 1980 wanawake wa vijiji vile wanaulima kati ya mwamba na ufuko. Wanapigilia mambo ndani ya mchanga, wanavuta kamba, wanafunga vipande vidogo, na baada ya wiki kadhaa wanavuna maji yakipwa. Unakaushwa, unauzwa nje, unatolewa kitu cha kugandisha kinachotiwa katika dawa ya meno na aiskrimu. Aina moja, cottonii, ndiyo ina bei nzuri, lakini bahari ikipata joto inakufa, na wengi wamebaki na spinosum ya bei ya chini. Ukisoma hayo unajua uko kwetu kabisa: mbegu inaugua, bei inaamuliwa mbali, na anayeinama ni mama.

Kwa hiyo maji yakipwa, ufuko haukuharibika. Shamba limefunguliwa. Orodha iliyoweka mwani katika mabaya, pamoja na mbu, imesoma shamba la watu kama uchafu.

Na shemeki? Siku ya pili hakupiga simu. Siku ya tatu alipiga jioni, sauti nyingine. Alikuwa ameshuka na ndala zake kwenda kuona wale wamama wanafanya nini. Akawasalimia kwa Kiswahili chetu. Wakacheka, wakamuuliza katoka wapi. Akasema Kabambare. Hawajui Kabambare, lakini Kiswahili walikijua. Wakamwonyesha namna ya kufunga kipande, akafunga kamba moja nzima, akapindika mgongo. "Shemeki, ni sawa na kupanda matembele, paka maji yanakufika kwenye goti."

Hii pia orodha haiwezi kuhesabu, na sisi ndiyo mali yetu. Maandishi yale yameandikwa kwa mtu anayeshuka kwenye ndege toka Ulaya, hajui lugha, anaogopa kudanganywa. Sisi tunafika kwa njia nyingine: barabara mbovu mpaka ziwa, boti mpaka Kigoma, treni au basi mpaka Dar, halafu feri ya saa mbili. Tukifika, tunaweza kumuuliza mtu kwenye duka la mkate: hapa gesti ya bei nafuu iko wapi, maji mnapata wapi, leo bamvua au maji mafu? Tunakubali kulipa dola 60 kwa sababu maandishi ya Kiingereza yameita hiyo "bei ndogo", na ulimi tunao kinywani.

Nitende haki. Orodha hizi zina kazi. Zinakupa bei mbele ya kufika, zinakuambia kama chandarua kipo, kama mlango unafungika. Msichana anayesafiri peke yake anahitaji kujua hayo, tena sana. Na rafiki mmoja aliyesoma maneno yangu haya mbele yenu alinijibu: mtu aliyechoka anataka kulala, hataki somo la udongo. Ni kweli. Lakini bibi-arusi wetu alitaka kuogelea na hakuogelea siku mbili, juu mimi sikuuliza swali la kwanza. Kuuliza hakumwondolei mtu mapumziko.

Kunabaki swali moja, na linatuhusu sisi wa Maniema ya kusini kuliko wengine wote.

Usiku wa nne walilala mjini, Mji Mkongwe. Orodha zote tatu ziliusifu kwa maneno mamoja: milango ya kuchonga, nyumba za kale, "roho ya biashara ya zamani". Ndugu yangu alitaka picha mbele ya nyumba ya Tippu Tip, kule Shangani. Kwetu Kasongo jina lile liko kila mahali, katika hadithi za wazee, katika dini, katika lugha hii hii ninayoandika. Hamed bin Muhammed el Murjebi aliweka makao yake Kasongo, na majeshi ya Dhanis yalipouteka mji huo Aprili 1893, yeye alikuwa amesharudi pwani. Alikufa Zanzibar mwaka 1905. Maisha yake aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa miaka ya 1900. Nimeyasoma. Pembe zinahesabiwa kwa frasila, vizuri sana. Watu waliozibeba, wengi hawana majina. Na njia ile toka Kasongo ilipita Kabambare, ikavuka ziwa, ikaenda Ujiji, Tabora, mpaka pwani.

Bibi akamwambia bwana wake: "Piga picha peke yako. Mimi ni mutu wa Kabambare."

Hakusema zaidi. Wakaenda Mkunazini, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na kanisa la Anglikana likajengwa papo. Kuna sanamu za watu wamefungwa shingoni kwa mnyororo, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden. Karibu yake kuna jengo la Mtakatifu Monika, ambalo limetumika pia kama nyumba ya wageni, na chini yake wanaonyesha vyumba wanavyosema walifungiwa watumwa. Wako wanahistoria wanaobisha kama vyumba vile kweli vilikuwa vya kazi hiyo. Lakini soko lilikuwako, hakuna anayebisha. Mtu anaweza kulala juu, kula mkate na mayai asubuhi, na kushuka kuangalia. Orodha moja iliandika juu ya mtaa ule: "karibu na kila kitu".

Sisemi tusilale pale, wala sisemi tuchukie Mji Mkongwe. Sisi tumetoka pande zote mbili za mnyororo ule, na mara nyingi katika familia moja. Ninasema tu kwamba mkosoaji wa mahali lazima amwambie msomaji alalaye pale amelala juu ya nini. Maandishi yanayojua idadi ya mito kitandani na hayajui hilo, hayajamaliza kazi.

Basi, mwenye kwenda kesho, achukue orodha, aisome, halafu aongeze maswali yangu manne kwa kalamu: mwezi gani na mwezi wa angani uko wapi, maji ya kuoga yanatoka wapi, ufuko huu ni shamba la nani, nyumba hii ilijengwa na mali ya nani. Kama mwenye nyumba anajibu mawili tu kati ya manne, tayari umepata zaidi ya nyota.

Ndugu yangu na bibi yake wamerudi Salamabila. Katika mzigo, kati ya sahani, mlikuwa kipande cha mwani kimekauka, ndani ya mfuko mdogo. Shemeki alinitumia kwa dereva wa pikipiki, na ujumbe: "Peleka kwenye fakilte yenu wakaone. Na mara ingine, uliza maji kwanza."