Mkono wa Kushoto wa Zakir Hussain

Aliyehudhuria harusi za Mombasa enzi za mwimbaji wa taarab Juma Bhalo ameisikia tabla mara nyingi, ikiandamana na kinanda katika nyimbo zenye mahadhi ya filamu za Kihindi. Wengi wetu tuliisikia bila kuitazama. Nilipokuja kuitazama kwa makini nilimtazama Zakir Hussain, mpiga tabla wa India, na mpaka leo nikiona picha zake akicheza, macho yangu huenda moja kwa moja kwenye mkono wake wa kushoto.

Tabla ni ngoma mbili. Ya kulia ni ndogo, ya mti. Ya kushoto ni pana zaidi, ya shaba au madini mengine. Zote zimewambwa ngozi ya mbuzi, na juu ya ngozi kuna doa jeusi la unga uliokandwa na chembe za chuma, linalopakwa tabaka juu ya tabaka na kusuguliwa kwa jiwe. Doa hilo si pambo. Ngoma ya kawaida sauti zake za juu hutawanyika ovyo. Uzito wa doa huzirudisha kwenye mstari, ndiyo maana tabla ya kulia huimba noti kamili na huweza kulinganishwa na sitar, ala ya nyuzi. Mwanafizikia C. V. Raman aliandika juu ya jambo hili mwaka 1920, lakini mafundi walikuwa wamelijua kwa vidole na masikio zamani. Ya kushoto kazi yake ni nyingine. Vidole vinapiga, kisha sehemu ya chini ya kiganja inasukuma ngozi, na sauti inapanda na kushuka kama mtu anayeguna kukubali neno. Zakir aliweza kuifanya ngoma hiyo iulize na ijijibu.

Alizaliwa Mumbai, Machi 9, 1951. Baba yake, Alla Rakha, ndiye aliyempigia tabla mpiga sitar Ravi Shankar duniani kote. Zakir alisimulia mara nyingi kwamba alipoletwa nyumbani mchanga, baba alitakiwa kumsomea dua sikioni. Badala yake akamnong'oneza mapigo ya tabla. Mama akakasirika. Baba akajibu kwamba hiyo ndiyo dua yake. Alipofika miaka saba hivi, baba alikuwa akimwamsha saa tisa usiku, na wakakaa mpaka alfajiri bila kugusa ngoma, wakitamka tu. Kila pigo lina jina: mkono wa kulia husema "na", wa kushoto "ge", na yote miwili ikipiga pamoja ni "dha". Asiyeweza kulitamka pigo hawezi kulipiga.

Chukua tintal, mzunguko wa mapigo 16. Kuanzia pigo la kumi mkono wa kushoto unanyamaza, na wimbo unabaki mwepesi, kama umeinuliwa kutoka ardhini; kwenye pigo la 14 besi inarudi. Pengo hilo ndilo linalomwambia mwimbaji yuko wapi. Mpigaji wa hovyo hulijaza. Zakir alilitunza, na naamini hapo ndipo ilipokuwa siri ya kuweza kwake kukaa na kila mtu.

Alikaa na wengi. Mwaka 1973 alianzisha bendi ya Shakti pamoja na mpiga gitaa John McLaughlin, L. Shankar wa fidla na Vinayakram wa ghatam, ambayo ni chungu cha udongo. Watu husifu kukutana kwa Mashariki na Magharibi, lakini kwangu mimi kazi ngumu zaidi ilikuwa ndani ya India yenyewe, maana Kaskazini na Kusini huhesabu mapigo kwa kanuni tofauti. Halafu ikaja albamu ya Planet Drum ya mpiga ngoma Mickey Hart mwaka 1991, akiwamo Babatunde Olatunji wa Nigeria. Baadaye Zakir alicheza na Béla Fleck, yule mpiga banjo aliyekuja Uganda na Tanzania kutafuta asili ya ala yake. Februari 2024 Zakir alipata Grammy tatu usiku mmoja.

Na muda wote huo alifundisha. Mwaka 1970, akiwa na miaka 19, alikuwa tayari anafundisha Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Baadaye alifundisha Princeton na Stanford, na kila mwaka aliendesha mafunzo California. Baba alikuwa amemwusia asihangaike kuwa bingwa, awe mwanafunzi mzuri tu. Kila Februari 3, siku aliyofariki baba, alirudi Mumbai na kuita wapiga ngoma wa kila namna wamkumbuke kwa kupiga.

Alifariki San Francisco, Desemba 15, 2024, akiwa na miaka 73. Itafute albamu yake na Fleck, As We Speak, ndugu msomaji, uisikilize usiku nyumba ikiwa kimya. Uache banjo ipite, uache na filimbi ipite. Sikiliza mkono wa kushoto, hasa pale unaponyamaza.