Black Hawk, mkalimani wake na ule ukurasa

Kuna ukurasa karibu na mwisho wa kitabu cha Black Hawk ambao watu wanaonisifia hicho kitabu hawautaji kamwe. Nami pia nilitamani niuruke. Lakini tuanze na kitabu chenyewe.

Kilitoka Cincinnati mwaka wa 1833. Msimuliaji ni mzee wa Wasauk, miaka sitini na kitu, ametoka kifungoni baada ya kushindwa vitani na jeshi la Marekani. Kiingereza hajui. Anamsimulia Antoine LeClaire, mkalimani wa serikali, ambaye babake ni Mfaransa wa Kanada na mamake Mpotawatomi. LeClaire anatafsiri, kisha mhariri wa gazeti, John B. Patterson, ananyoosha. Yaani kabla neno lifike kwa simu yako ukiwa ndani ya matatu, limepitia mikono ya watu wawili, na mmoja wao analipwa na serikali ile ile iliyomfunga mzee.

Bado kitabu kinauma, hasa kikiongea kuhusu karatasi. Mwaka wa 1804 wanaume wachache walienda St. Louis kumtetea mwenzao aliyefungwa kwa mauaji. Hakuna aliyewatuma kuuza kitu. Kwa maelezo ya Black Hawk, walirudi wamevaa makoti mazuri na medali, wakasema walikuwa wamelewa muda mwingi. Yule mfungwa aliachiliwa, na hapo hapo akapigwa risasi. Kumbe walikuwa wameweka alama kwenye mkataba wa Gavana William Henry Harrison: takriban ekari milioni 50, kwa bidhaa za dola 2,234.50 na dola 1,000 kila mwaka. Kifungu cha 7 kiliwaruhusu kuishi na kuwinda humo mradi ardhi ibaki mali ya serikali. Inasikika poa, si ndiyo? Serikali ikishawauzia walowezi, kwisha.

Halafu 1816 Black Hawk mwenyewe akaweka alama kwenye mkataba uliothibitisha ule wa kwanza. Anakiri kwamba hakujua anatoa kijiji chake. Hapo ndipo nilimwamini zaidi. Angeweza kuiruka hiyo siku, na hakuiruka.

Sehemu nzuri kuliko zote ni za kijiji, Saukenuk, pale mto Rock unapokutana na Mississippi. Mahindi, maharagwe, maboga, samaki. Kuna kisiwa chenye pango, na ndani ya pango anaishi roho mwema mwenye mabawa meupe kama ya bata maji, kwa hiyo watu wakipita huko hawapigi kelele. Jeshi linajenga ngome juu ya hilo pango na roho anaondoka. Anasimulia hivyo bila kupaza sauti. Baadaye familia zinarudi kutoka mawindo ya majira ya baridi na kukuta walowezi wamezungusha ua kwenye mashamba ya akina mama. Sijasoma maelezo ya unyang'anyi yaliyo makavu na makali hivi.

Vita vya 1832 vyenyewe vinapita haraka. Watu kama 1,000, wakiwemo wanawake na watoto, wanavuka mto kurudi nyumbani. Miezi minne baadaye wanauawa Bad Axe wakijaribu kuvuka tena kukimbia, na meli ya mvuke iliyowafyatulia iliona bendera yao nyeupe. Kati ya wanamgambo waliojiandikisha katika vita hivyo alikuwepo kapteni wa miaka 23, Abraham Lincoln, ambaye hakupigana hata mara moja.

Sasa ule ukurasa. Black Hawk anapelekwa kuzungushwa miji ya mashariki, New York wanamwonyesha mtu akipaa kwa puto. Anasema safarini aliulizwa maoni mengi, lakini kwa kukosa mkalimani mzuri alijibu mara chache sana. Sasa anajibu. Swali: Marekani ifanye nini na watu weusi? Jibu lake: wanaume wote weusi wa majimbo huru wapelekwe majimbo ya utumwa, na serikali inunue wasichana weusi na kuwauza kwa miaka kadhaa kaskazini, mpaka nchi iwe safi.

Niliweka simu chini. Mzee aliyefukuzwa kwao anapanga jinsi ya kufukuza wengine.

Wanaomtetea husema hiyo ni sauti ya Patterson. Inawezekana. Wazungu wenyewe walikuwa kwenye mjadala huo huo, Liberia ilikuwa tayari inapokea watu. Na tunajua Patterson hakuwa na mkono mwepesi, maana toleo lake la 1882 ameliongezea vipande na maneno ya madaha. Lakini mbona mkalimani anabeba lawama pale tu tunapochukizwa? Roho wa kisiwani tunampokea kama neno safi la Black Hawk, ukurasa huu tunamtupia mhariri. Huo si uhakiki, hiyo ni mapenzi.

Mimi nadhani aliyasema, au kitu cha karibu sana. Alikaa miezi mingi na watu waliozungumzia binadamu kama mizigo ya kuhamishwa, akaulizwa kwa lugha yao, akajibu kwa lugha yao. Hilo halimtoi kwenye kosa. Wale wasichana nao hawana mkalimani humu, awe mzuri au mbaya.

Ukikitafuta, tafuta toleo la 1833. La 1882 linapatikana bure kila mahali na wengi hulisoma bila kujua tofauti.