Kongole kwa Mfunga Vali wa Timau

Timau, mji ulio kwenye barabara ya Nanyuki kwenda Meru, hukauka mapema mwaka, na hapo maji ya Mlima Kenya hugombewa. Juu kuna ngano, viazi na mashamba ya maua ya kuuza ng'ambo. Chini, kuelekea mto Ewaso Ng'iro, kuna wafugaji na mifugo yao. Sheria ya Maji ya 2002 ilitambua vyama vya watumiaji maji, wapange zamu wenyewe. Lakini karatasi haifungi vali ya maji zamu ya mtu inapoisha. Huifunga mtu, tena mara nyingi jirani yako, anayejua fika kwamba mwenye shamba kubwa angemlipa vizuri aisahau usiku mmoja tu.

Huyo nampa kongole. Medali za Jamhuri Dei, nadhani, hazimfikii kwa urahisi.

Kenya ina deni la zamani kwa watu wa aina hii. David Munyakei, karani wa Benki Kuu, alitoa siri ya kashfa ya fedha ya Goldenberg, akashtakiwa, akafutwa kazi, akafa fukara mwaka 2006. Basi tusimngojee wa Timau afe. Alipwe posho yake kwa wakati, na jina lake lisomwe barazani, mwenye shamba kubwa akisikia.