Arudhi ya Milisekunde Kumi: Kuisoma Fremu ya 4G kutokea Kiriri

Hati ya 3GPP, umoja unaotunga viwango vya simu, yenye namba 36.211, ambayo toleo lake la 8 lilifungwa mwishoni mwa 2008, haina kivumishi hata kimoja cha kujisifu. Ina majedwali, ina milinganyo, ina sentensi fupi zinazoamuru kitu kiwe wapi na kidumu muda gani, kisha inanyamaza. Sababu haitolewi. Kwa mwanafunzi wa uzamili anayesoma intaneti ya simu na mawasiliano yasiyotumia waya pale Kiriri, kwenye mteremko wa Bujumbura ambako Chuo Kikuu cha Burundi kinafundishia uhandisi, hati hiyo kwa kawaida ni mahali pa kutafutia tarakimu kabla ya mtihani. Napendekeza isomwe vingine: kama matini iliyotungwa, ambayo ukimya wake unamlazimisha msomaji kuzitafuta sababu ndani ya umbo lenyewe. Ukiisoma hivyo, utaona kwamba fremu ya 4G imepangwa kwa kumfikiria kwanza mpokeaji mwenye uwezo mdogo kuliko wote.

Umbo ni hili. Fremu moja hudumu milisekunde 10, nayo imegawanywa katika vipande 20 vya nusu milisekunde. Kila kipande, katika mpangilio wa kawaida, hubeba alama 7. Upande wa masafa, wimbi la mnara limechanwa kuwa vichukuzi vidogo vilivyoachana kwa kilohezi 15. Vichukuzi 12 vikichukuliwa pamoja kwa kipande kimoja hufanya kitalu chenye vyumba 84, na ndani ya vyumba hivyo ndimo sauti, picha na miamala ya pesa hupita. Msomaji aliyelelewa na tarbia, kwa mizani zake 16 zinazogawanywa nane kwa nane kati ya ukwapi na utao, ataitambua hali hii mara moja: idadi haibadiliki, maudhui ndiyo yanayobadilika, na ustadi wa mtunzi hupimwa kwa yale aliyoyatengea mahali maalumu ndani ya idadi hiyo.

Pana mahali ambapo mizani inaonekana kuchechemea, na hapo ndipo pa kukaa zaidi. Hati hupima muda wote kwa kizio kimoja kidogo, sekunde moja iliyogawanywa mara 30,720,000. Kwa kizio hicho, kipande kina urefu wa 15,360. Kila alama huchukua 2,048, kwa hiyo alama 7 huchukua 14,336, na salio ni 1,024. Salio hilo ni la mikia-tangulizi, yaani nakala ya mwisho wa alama inayobandikwa mbele ya alama hiyohiyo kabla haijarushwa. Lakini 1,024 haigawanyiki kwa 7. Mtu mwenye haraka angetoa 146 kwa alama sita na 148 kwa moja, tofauti ikawa ndogo kiasi cha kusahaulika. Watunzi hawakufanya hivyo. Waliipa alama ya kwanza 160 na zile sita zilizofuata 144 kila moja, wakaacha ukosefu wa ulinganifu uonekane waziwazi mwanzoni mwa kila kipande.

Kwa nini? Gawanya kwa 16. Namba 160 hutoa 10 kamili na 144 hutoa 9 kamili, ilhali 146 huacha sehemu. Kipokezi cha hali ya chini kabisa, kile kinachosikiliza upana wa megahezi 1.4 tu, hakihitaji sampuli 2,048 kwa kila alama. Hutosheka na 128, ambayo ni sehemu ya 16 ya hizo. Kwa kipokezi hicho mikia huwa na sampuli 10 au 9, namba nzima, na kipande chote husomeka bila kukadiria. Mchechemeo tuliouona katika fremu pana kumbe ni gharama iliyokubaliwa ili mdogo asome sawasawa. Kizio chenyewe kina adabu ya namna hiyohiyo kwa waliotangulia: 30.72 ni 3.84 mara 8, na megahezi 3.84 ndiyo kasi ya mapigo ya 3G, kwa hiyo simu inayozijua lugha zote mbili ingeweza kutegemea saa moja. Sijui kazi nyingi za maandishi ambazo hesabu ya silabi imefanyiwa uangalifu wa kiwango hiki.

Kazi ya mkia-tangulizi huonekana vizuri kwa anayesimama Kiriri. Simu iliyo juu ya mteremko hupokea wimbi moja kwa njia nyingi: moja kwa moja kutoka mnara wa bondeni, kisha likirudishwa na ukuta wa jengo, na paa la bati, na kilima cha pembeni. Kila njia ina urefu wake, na nakala zilizochelewa zingeivamia alama inayofuata. Mkia hutangulia ili zimwagikie humo, nao hukatwa na kutupwa. Kwa sababu mkia huo ni nakala ya mwisho wa alama, nakala zilizochelewa hubaki zikizunguka ndani ya alama yake yenyewe, na madhara yake kwa kila kichukuzi yakawa kuzidishwa kwa namba moja tu. Wazo hilo lilichapishwa na Peled na Ruiz mwaka 1980, miaka mingi kabla ya simu kuhitaji. Mkia wa kawaida, wa maikrosekunde 4.7 hivi, huvumilia tofauti ya safari ya takriban kilomita 1.4. Mwangwi ambao ungevuka Ziwa Tanganyika na kurudi kutoka milima iliyo nyuma ya Uvira ungechelewa mno, ila pia ungefika ukiwa dhaifu mno kusumbua. Hati inao mkia mrefu, wa vizio 512, unaogawanyika kwa usawa bila kasoro yoyote: alama 6, mikia 6, kila kitu kimekaa sawa. Lakini ulinganifu huo hula asilimia 20 ya muda wote, ilhali ule unaochechemea hula chini ya 7. Katika mashindano haya ya uzuri umeshinda ule usiolingana, na nadhani ni haki.

Ndani ya vyumba 84 vya kitalu, vinne vimetengwa kwa alama rejelevu za antena ya kwanza: viwili katika alama ya kwanza ya kipande na viwili katika ya tano, vikiachana kwa vichukuzi sita, na safu ya pili imesogezwa kwa vitatu. Hivi ndivyo vina vya fremu. Mpokeaji anajua mapema kitakachosemwa hapo. Kwa kulinganisha alichotarajia na alichosikia, hugundua hewa imelipotosha neno kwa kiasi gani, kisha hurekebisha maneno ya jirani ambayo hakuyajua. Zipo seli 504 zinazoweza kutambulishwa, na utambulisho huo huamua vina visogee kwa vichukuzi vingapi, ili minara miwili inayopakana isipige kina kimoja mahali pamoja.

Katikati kabisa ya upana pana kichukuzi kimoja kisichobeba kitu. Kipokezi cha bei nafuu hujichafulia katikati kwa mtetemo wake chenyewe, na watunzi wameiacha nafasi hiyo wazi kwa ajili yake. Pembeni mwa ukimya huo, katika vitalu 6 vya katikati, zimewekwa ishara za kulandanisha, zinazorudiwa kila milisekunde 5, pamoja na tangazo fupi la mnara lenye biti 24, ambamo umo upana wa mnara. Simu iliyowashwa sasa hivi haijui upana huo. Inaanza kusoma pale ambapo pangekuwepo hata katika fremu iliyo nyembamba kuliko zote. Mwanafunzi anaweza kulishuhudia jambo hili mezani kwake. Kipokezi kidogo cha USB, kile kilichotengenezwa kwa kutazamia televisheni, kikiwekwa kwenye sampuli 1,920,000 kwa sekunde, hunasa vile vitalu 6 vya katikati, mradi masafa ya mnara yamo ndani ya uwezo wake. Kwanza huonekana vurugu. Kisha programu hulinganisha na mfuatano unaojulikana, vilele vinachomoza kila baada ya milisekunde 5, namba ya seli inapatikana, na tangazo linasomeka. Darasa linalofika hapo kwa kifaa cha bei ndogo limeisoma hati kwa undani kuliko linaloikariri.

Uangalifu huohuo umo kwingine, nami nautaja kwa kupita: amri za mnara zimewekwa mwanzoni mwa kila milisekunde, ili simu isiyoitwa ilale hadi milisekunde ijayo, na njia ya kutoka simu kwenda mnarani hutumia muundo wenye vilele vya chini, usioilemea betri.

Kasoro moja naiona kubwa. Vile vina havikomi. Hata usiku wa manane, seli ikiwa haina msikilizaji, mnara huendelea kuvitaja katika upana wote, na umeme unakwenda. Katika nchi ambayo mafuta ya petroli na dizeli yamekuwa adimu kwa miaka kadhaa, na jenereta ikiwa ndiyo tegemeo umeme ukikatika, huo si uhakiki wa kitaaluma tu. Watunzi wa 5G, ambayo toleo lake la kwanza, la 15, lilikamilika 2018, waliviondoa: alama rejelevu sasa husafiri pamoja na ujumbe wa mtu fulani, na mnara usio na la kusema unaweza kunyamaza. Mkia wa kwanza mrefu umebaki, mwanzoni mwa kila nusu milisekunde. Lakini simu inayotafuta mnara kwa mara ya kwanza, ambayo katika 4G ilihakikishiwa ishara kila milisekunde 5, sasa hutarajia kuipata kila milisekunde 20. Mgeni anasubiri mara nne zaidi ili mnara upumzike; na kwa mnara unaoishi kwa dizeli, naona bei hiyo ni halali.