Mlango wa Karakana: Upana Ulipunguzwa, Kimo Kikaongezwa

Mchoro wa kwanza ulitoka kwenye simu. Ulikuwa wa gereji ya Kimarekani ya magari mawili, mlango mmoja wa futi 16 kwa futi 7, na mwenye nyumba alitaka ujengwe hivyohivyo. Yeye ni seremala, anaishi Kibaha, ana Hiace moja ya kubebea samani, na gari hilo hulitengeneza mwenyewe kila linapougua. Jengo lililokusudiwa lilikuwa moja tu nyuma ya nyumba, la useremala na la gari kwa pamoja. Karakana imeshasimama na inatumika. Kinachonivutia humo ni milango yake miwili, kwa sababu ndiyo iliyoamua karibu kila kitu kingine: kuta ziende wapi, madirisha yakae upande gani, hata msumeno usimame wapi.

Mlango wa futi 16 ni mita 4.88 kwa upana, na futi 7 ni mita 2.13 tu kwenda juu. Huko ulikochorwa una mantiki: ni wa magari mawili yanayolala bega kwa bega, na pikapu za kule, kama Ford F-150, zina upana wa zaidi ya mita 2 kabla hujahesabu vioo. Sisi tunaendesha magari yaliyotumika Japani, na Japani ina daraja la magari madogo ambalo sheria yake huyafungia ndani ya mita 1.7 za upana, 4.7 za urefu na 2 za kimo. Hiace ya kawaida, ile isiyo na paa la kuinuliwa, iliundwa kuingia humo kwa kubana kabisa: upana mita 1.695, urefu 4.695, kimo 1.98. Weka keria juu yake na tayari inagusa linta ya Mmarekani, hata kabla ya kupakia kiti kimoja. Mchoro ule ulikuwa mpana pasipohitaji upana na mfupi pale penye shida.

Kwa hiyo hesabu ilianzia kwenye gari. Upana wa 1.695, ongeza kioo cha pembeni kila upande, unapata kama mita 2.1. Dereva anayerudi amechoka anahitaji kama sentimita 30 kila ubavu. Jumla 2.7. Kimo nacho: gari, keria, na shehena ya mbao au viti, hufika mita 2.5. Hapo wengi huishia, lakini sakafu ya karakana imeinuliwa sentimita 15 kuzuia maji ya masika, na mbele ya mlango kuna mteremko wa mita 1.2. Magurudumu ya mbele yakishapanda na ya nyuma yakiwa bado chini, pua ya gari huinuka sentimita 6 hivi zaidi ya kimo chake kwenye uwanja sawa. Shehena iliyochungulia mbele ya keria huinuka nayo. Kimo salama kikawa mita 2.7.

Kutoka hapo fundi mwashi ndiye aliyemaliza kazi kwa kuhesabu tofali. Tofali la saruji la inchi 6 lina kimo cha sentimita 23. Pamoja na udongo wa saruji kila kozi ni sentimita 25. Kozi 11 ni mita 2.75. Kwa upana, tofali moja na kiungo chake ni sentimita 47, na nafasi ya tofali sita, pamoja na kiungo kimoja cha ziada mwishoni, hutoa mita 2.84. Ukitoa fremu ya chuma, unabaki na 2.74 kwa 2.70. Hakuna tofali lililokatwa. Nimeona milango mingi iliyopewa vipimo vya mezani, mita 3 kamili kwa 2.5 kamili, na mafundi wakashinda wakivunjavunja tofali kujaza vipande vya sentimita 8. Vipande hivyo hukaa pembeni mwa mlango, mahali ambapo bawaba zitavuta kwa miaka yote.

Mwenye nyumba alilalamika kwamba mlango umekuwa mdogo. Angependa walau mita 5, huenda siku moja akawa na gari la pili. Jibu linatoka kwenye linta. Uzito juu ya kila mita ukiwa uleule, nguvu inayotaka kuipinda linta katikati hukua kwa mraba wa upana, na kujipinda kwenyewe hukua kwa kipeo cha nne cha upana. Kutoka 2.8 kwenda 5, nguvu inazidi mara 3 na kujipinda kunazidi mara 10. Linta ya mita 2.8 chini ya paa la bati ni kazi ya kawaida kwa fundi mzoefu. Ya mita 5 inahitaji mhandisi akae aipigie hesabu, nondo na zege vyote vikiongezeka, na ukuta wenyewe unapungua mahali pa kutundika zana. Gari la pili likija, kuna njia ya nafuu: mlango wa pili wenye nguzo katikati. Hilo lilimridhisha, ingawa nadhani bei ya nondo ndiyo iliyomridhisha zaidi.

Suala la mahali pa mlango lilikuwa gumu kuliko la ukubwa. Barabara iko kaskazini mwa kiwanja, nyumba katikati, na gari hupita mashariki mwa nyumba katika njia ya mita 3.1 kati ya ukuta na uzio. Karakana iko kusini, ndani ina mita 9 kutoka mashariki hadi magharibi na 6.5 kutoka kaskazini hadi kusini. Mchoro wa simu ulikuwa na mlango katikati ya ukuta. Ungekaa hivyo, gari lingelazimika kukata kona mara linapotoka kwenye njia, na gari linalopinda hufagia upana mkubwa kuliko linalokwenda wima. Zile sentimita 30 zingeliwa zote. Mlango ukasogezwa mashariki hadi ukalingana na njia, na gari sasa huingia moja kwa moja bila usukani kuguswa.

Kuuelekeza kaskazini kulifaa pia kwa hali ya hewa. Mvua za masika pwani huja na upepo wa kusi, kutoka kusini na kusini-mashariki, na ukuta wa kusini wa karakana hii hauna mlango, una madirisha ya juu tu. Jua ni habari nyingine. Kibaha iko kama nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, hivyo tangu mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hukaa kaskazini, yaani mbele ya mlango. Kwenye adhuhuri ya Juni huwa kama nyuzi 60 juu ya upeo. Paa likitokeza mita 1.2, kivuli chake hushuka karibu mita 2 kutoka ukingo wa bati. Mlango unabaki wazi mchana kutwa na jua haliingii zaidi ya hatua moja.

Upepo wa kaskazi ndio unaouonea mlango huu, kuanzia Desemba hadi Machi. Mlango una mabawa mawili ya bawaba; kila bawa lina upana wa karibu mita 1.4 na limefunikwa shiti ya chuma ya milimita 1.5. Shiti hiyo ina uzito wa kilo 11.8 kwa mita moja ya mraba. Pamoja na fremu ya mabomba ya mraba, bawa moja ni kilo 70 hivi. Upepo wa mita 15 kwa sekunde hulisukuma kwa nguvu ya karibu kilo 48. Mtoto akiwa kati ya bawa na ukuta, sipendi hata kufikiria. Ndiyo maana ukutani kuna ndoano nzito zilizomwagiwa zege, na sheria ya nyumba ni kwamba bawa halifunguliwi bila kufungwa kwenye ndoano yake. Bawaba hazikushikiliwa na tofali. Fremu imesukwa ndani ya nguzo za zege zilizosimama pande zote mbili za mlango.

Kwa nini mabawa ya bawaba, wakati kuna mlango wa kuteleza na ule wa kujiviringisha juu? Wa kuteleza unataka ukuta mtupu wa upana uleule pembeni yake, na pembeni upande wa magharibi ndiko kuliko na madirisha. Ungekuwa unaziba mwanga kila unapoufungua. Wa kujiviringisha unahitaji kama sentimita 40 juu ya mlango kwa ajili ya pipa lake, na kuta zingepanda kozi mbili zaidi kuzunguka jengo zima. Tena vumbi la mbao huingia kwenye reli zake. Kwa duka la mjini ningeuchagua bila kusita. Hapa, hapana.

Mlango wa pili ndio ninaoupenda. Fikiria msumeno wa meza. Mbao kwetu huuzwa kwa futi 12, mita 3.66, na ubao ukipasuliwa kwa urefu wake unahitaji nafasi hiyo mara mbili: mbele ya msumeno kabla ya kuanza, nyuma yake baada ya kumaliza. Ni mita 7.3. Gari likiwa ndani, pamoja na nafasi ya kufungua milango yake, linakula mita 3.7 za upande wa mashariki. Zimebaki 5.3. Wengi wangejenga jengo refu zaidi, au wangeacha gari nje siku za kazi. Huyu aliweka msumeno mita 1.6 kutoka ukuta wa magharibi, akapata 3.7 za kuingizia ubao, kisha akatoboa mlango kwenye ukuta huo, sambamba kabisa na msumeno. Ubao uliopasuliwa hutoka nje karibu mita 2 na kupokewa na rola iliyosimama chini ya kibaraza. Jengo la mita 9 linafanya kazi ya jengo la 11, na kibaraza ni nguzo mbili na bati.

Kwa sababu hiyo mlango huo hauko katikati ya ukuta wa magharibi. Uko mita 2.2 kutoka kona ya kaskazini, na ukiutazama kutoka nje unaona kama fundi alikosea. Kushoto kwa msumeno, upande wa kusini, kumeachwa nafasi kubwa ya kupitisha plaiwudi. Upana wa mlango huo, mita 1.3, nao una sababu: plaiwudi ya futi 4 ni mita 1.22, na inapita ikiwa imelala. Mpasuaji hutazama mlango badala ya kuupa mgongo, ili amwone anayeingia wakati msumeno unazunguka. Kutazama magharibi kungeweza kumpiga jua machoni jioni, lakini kibaraza cha mita 2 hulizuia mpaka takriban nusu saa kabla ya kuzama. Saa hiyo mtu mwenye akili ameshazima mashine.

Hapa mchomeleaji naye alitoa akili yake. Shiti ya chuma ina mita 1.22 kwa 2.44, na bawa la mlango mkubwa limezidi upana huo. Akazilaza shiti: nne, kila moja akakata mita 1.4 kutoka urefu wake, mbili kwa kila bawa moja juu ya nyingine, na kiungo kikaangukia kwenye bomba la katikati. Sehemu iliyobaki juu, kama sentimita 25, ikawekwa wavu wa kupitisha hewa. Vikabaki vipande vinne vya karibu mita 1.04 kwa 1.22. Viwili, kimoja juu ya kingine, ndivyo vilivyofunika mlango wa magharibi. Mlango mzima ulitoka kwenye masalio.

Kulikuwa na wazo la kutoboa kimlango ndani ya bawa kubwa, kama kwenye mageti mengi. Lilikataliwa, na vizuri. Kimlango hicho huacha kizingiti cha chuma cha kuruka kila unapopita. Toroli haliingii, na mtu aliyebeba droo haoni miguu yake. Mlango wa magharibi unafanya kazi hiyo ya kila siku. Mkubwa hufungwa kwa ndani tu, komeo juu na komeo chini, hauna kufuli nje wala mahali pa kuuchokonoa. Tundu la komeo la chini ni kipande cha bomba chenye kina kirefu, kwa sababu vumbi la mbao hujaza tundu fupi ndani ya wiki na komeo hukataa kushuka.

Milango miwili kwenye kuta mbili tofauti ni jambo la uhai pia. Humo mna thina, vanishi, petroli na vumbi linaloshika moto haraka; moto ukianzia kwenye gari, njia ya kutokea isiwe mbele ya gari hilohilo. Injini ikiwashwa ndani hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mlango mmoja wazi hauisukumi nje kama iwavyo hewa ikiingia huku na kutokea kule.

Kasoro ipo. Bawa la mashariki likifunguliwa lote hupita kona ya jengo na kukaribia uzio, na mtu mnene hapiti hapo. Jengo lingesogezwa nusu mita magharibi, lisingetokea.

Ukipanga ya kwako, usinakili namba hizi. Pima gari lako likiwa na mzigo na vioo vimefunguliwa, pima ubao mrefu unaoupasua, na umpelekee mchoraji vipimo hivyo kabla hujaomba kibali cha ujenzi halmashauri. Linta ikishamwagwa, kuongeza sentimita 20 ni kubomoa.