Pet Sounds: Maneno Mepesi, Sauti Nzito

Jarida la Rolling Stone limeiweka Pet Sounds ya The Beach Boys nafasi ya 2 katika orodha yake ya albamu 500 bora mara tatu: 2003, 2012 na 2020. Aliyekaa juu alibadilika, The Beatles wakampisha Marvin Gaye, lakini hii haikutikisika. Kitu kikisifiwa hivyo kwa muda mrefu, mimi huanza kujiuliza: watu bado wanaisikiliza, au wanarithishana sifa tu?

Ukiwauliza mashabiki, wengi watakupeleka studio. Watakwambia kwamba Brian Wilson, kijana wa miaka 23 aliyekuwa haisikii vizuri sikio la kulia, alibaki Los Angeles mwanzoni mwa 1966 wenzake wakiwa ziarani Japani, akakusanya wapigaji wa kukodi, akina Carol Kaye kwenye besi na Hal Blaine kwenye ngoma. Watakutajia honi ya baiskeli, nyuzi za piano zilizochokonolewa kwa vibanio vya nywele, na mbwa wanaobweka mwishoni. Yote kweli. Lakini jamani, honi ya baiskeli haimlizi mtu. Kama ni ufundi wa studio peke yake, leo kijana yeyote mwenye kompyuta anaweza kutengeneza maajabu zaidi ya hayo.

Mimi nadhani jibu liko mahali ambapo sisi wapenda fasihi tungepapita haraka: kwenye maneno. Mengi aliyaandika Brian pamoja na Tony Asher, mtu aliyekuwa anaandika matangazo ya biashara. Na ukiyasoma kwenye karatasi, kwa kweli, ni mepesi. Laiti tungekuwa wakubwa tukaishi pamoja. Mbona bado unaniamini? Mimi sikuzaliwa kwa zama hizi. Sikio lililozoea taarabu, ambako mtu anasema waridi huku anamaanisha jirani yake, linabaki linasubiri fumbo. Fumbo halipo. Kijana anasema kinachomuuma, basi.

Fumbo limehamia kwenye muziki. Chukua God Only Knows, unaoimbwa na Carl Wilson, mdogo wake Brian, akiwa na miaka 19. Wimbo wa mapenzi unaanza kwa mwimbaji kukiri kwamba huenda asimpende mwenzake daima, kisha ndiyo anajirekebisha. Sasa sikiliza besi chini yake. Kila wimbo una sauti yake ya nyumbani, ile ambayo sikio linategemea kurudi. Hapa besi inaikwepa kila inapotarajiwa, na kwa muda mrefu hujui nyumbani ni wapi. Maneno yanaahidi, besi inatia shaka. Mwisho sauti zinaingia moja baada ya nyingine, zinazunguka, zinafifia bila kufika. Shairi la kurasa tatu lingehangaika kusema hivyo kuhusu mtu anayeogopa kuachwa.

Au Don't Talk. Mwanamume anamwomba mpenzi wake wasiseme kitu. The Beach Boys, kundi lililojulikana kwa sauti nyingi zilizopangwa kama matofali, hapa wako kimya. Anaimba Brian peke yake, nyuma yake vinanda vya nyuzi vinavyosogea polepole. Wimbo unaoomba ukimya umepewa ukimya wake. Huo ndio uandishi ninaoutaka, hata kama hauonekani kwenye karatasi.

Hiyo haina maana kwamba kila kitu kimekaa sawa. Sloop John B, wimbo wa asili wa Bahamas uliokuwa umeshatoka kama singo na kufika nafasi ya 3 Marekani, ni mzuri, lakini humu ni mgeni aliyekosea mlango. Katikati ya nyimbo za mtu anayejichunguza, ghafla tuko kwenye jahazi na walevi. Na ule usio na maneno, uliobeba jina la albamu, unasikika kama muziki wa filamu ya kijasusi. Sijawahi kuukosa nikiuruka.

Linalonisumbua zaidi ni wanawake. Wanaombwa, wanasubiriwa, wanalaumiwa, na hakuna hata mmoja anayejibu. Katika Here Today mwanamume anamwonya mwenzake kuhusu binti fulani kama mtu anayeonya kuhusu gari bovu. Katika Caroline, No kosa la msichana ni kwamba amebadilika, hata nywele ndefu hana tena. Kwani asikate? Filimbi inalia vizuri mno pale, ndiyo maana watu hawaulizi. Ukishalisikia hilo, huruma yako kwa yule kijana inapungua kidogo, ingawa hofu yake inabaki kuwa ya kweli.

Ilipotoka Mei 1966 Wamarekani hawakuichangamkia sana, iliishia nafasi ya 10, na kabla miezi miwili haijaisha Capitol walikuwa wameshatoa mkusanyiko wa vibao vya zamani vya kundi. Uingereza ilifika nafasi ya 2. Mimi nafasi ya pili ya dunia nzima siitoi. Nyimbo saba au nane kati ya 13, hizo natoa bila kubishana. Na anayebisha atafute toleo la 1997 lenye sauti za waimbaji peke yake, bila ala, aanze na God Only Knows.