Ramani ya Dhana na Kitenzi Kilichosahauliwa

Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walibuni ramani ya dhana mwaka 1972, walipokuwa wakifuatilia jinsi elimu ya sayansi inavyojengeka vichwani mwa watoto. Katika ramani hiyo dhana huandikwa ndani ya viduara, zilizo pana juu na zilizo finyu chini. Mistari huziunganisha, na juu ya kila mstari huwekwa neno la kiungo, ili dhana mbili na kiungo chao zifanye kauli kamili.

Sifa ya mbinu hii yajulikana: humfunulia mwalimu yale ambayo majibu ya kukariri huyaficha. Kasoro yake imo katika upimaji. Kwa mujibu wa kitabu cha Novak na Gowin cha mwaka 1984, kauli sahihi hupewa alama 1, kila ngazi ya mpangilio alama 5, na kiungo chenye uzito kinachovuka kutoka tawi hadi tawi alama 10. Umbo la mchoro lathaminiwa kuliko kauli, ilhali elimu imo katika kauli.

Mfano ni joto. Mwanafunzi aandikaye «joto huongeza halijoto» hupata alama yake. Lakini barafu inayoyeyuka katika kanieneo ya kawaida ya hewa hupokea joto, na halijoto yake hubaki nyuzi 0 hadi yote igeuke maji. Kauli ile ni kweli kwa sharti, na neno moja juu ya mstari halina nafasi ya sharti.

Hapo suala la lugha laingia. Mwanafunzi wa Lubumbashi husoma sayansi kwa Kifaransa, chenye maneno mawili, «chaleur» na «température». Katika Kiswahili cha kila siku «joto» hutumika kwa yote mawili. Istilahi «halijoto» hukaa zaidi vitabuni. Akichora kwa Kifaransa, aweza kunakili daftari bila kutenganisha maana. Akichora kwa Kiswahili, mkanganyiko wake hujitokeza, na mwalimu hupata pa kuanzia. Tena, kitenzi cha Kiswahili hubeba sharti ndani yake: «barafu isipokuwa ikiyeyuka, joto huipandishia halijoto».

Ramani ya dhana yastahili kubaki darasani, mradi ichorwe kwa lugha zote mbili, kiungo kiruhusiwe kuwa sentensi, na kitenzi kisahihishwe kabla ya ngazi kuhesabiwa.